Usiichomeke Kwanza: Kufufua Osiloskopu Kuukuu Hatua kwa Hatua

Mwenye skrepa pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniambia ni TV ya kupimia moyo. "Chukua kaka, hata hospitali wanazo," akaipandisha kwenye mizani pamoja na vyuma vingine, maana kwake kila kitu ni kilo. Ilikuwa Hameg HM203-6, osiloskopu ya Kijerumani ya chaneli mbili, megahezi 20, yaani kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa hadi kwenye matundu ya hewa, nobu moja haipo, waya wa umeme haupo. Nikalipa bei ya chuma. Leo iko mezani kwangu, na ndiyo ninayotumia kwa redio, amplifaya na inveta za sola zinazoletwa kutoka Uyole mpaka Mbalizi.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeweza kushika pasi ya risasi na kusoma multimita, ila hajawahi kufungua kifaa cha kupimia. Nitakaa zaidi kwenye osiloskopu za zamani zenye tyubu ya picha. Mita za mshale nitazigusa mwishoni. Vifaa vingi vilivyolala stoo miaka kumi vinafia mikononi mwa mtu aliyechomeka plagi "nione kama inawaka", kwa hiyo usishangae plagi ikichelewa sana kutajwa humu.

Kabla hujalipa

Anza na tyubu. Vipuri vingine vyote utavipata au utavibunia njia, lakini tyubu ya osiloskopu hutaikuta duka lolote la Mbeya wala Iringa. Mulika tochi ya simu kupitia matundu ya hewa mpaka kwenye shingo ya kioo. Kwenye tyubu nyingi utaona doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hiyo ni metali iliyopakwa kiwandani ili inyonye hewa kidogo iliyobaki ndani. Doa likiwa la rangi ya fedha au jeusi lenye mng'ao, tumaini lipo. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na tyubu imekufa. Hapo nunua kwa ajili ya vipuri tu, na bei ishuke.

Tazama pia uso wa skrini. Alama ya kahawia katikati ina maana mtu aliacha nukta ya mwanga ikiwaka mahali pamoja mpaka ikaunguza fosfa, ule unga unaong'aa nyuma ya kioo. Alama ndogo unaweza kuishi nayo.

Zungusha kila nobu, bonyeza kila kitufe. Swichi iliyokakamaa inatibika, ila iliyovunjika kwa ndani itakula wiki yako. Kisha inamisha kifaa huku na huku usikilize. Kinachogongagonga ndani mara nyingi ni skrubu, na skrubu iliyolegea juu ya bodi ni shoti inayosubiri umeme.

Ukishaichukua, andika jina na namba ya modeli, utafute kitabu chake cha ufundi kwenye intaneti. Hapa vifaa vya zamani vinavishinda vya leo: viwanda vilichapa mchoro mzima wa saketi, na mara nyingi volti za kila sehemu zimeandikwa pembeni. Kwa Tektronix, kampuni ya Kimarekani, kuna tovuti ya TekWiki, na kwa Hameg vitabu vimeskaniwa vingi. Chapisha kurasa za mchoro wa umeme kwenye karatasi kubwa. Simu ni ndogo mno kufuatisha waya kumi kwa wakati mmoja.

Ikaushe kama kifaranga

Huku kwetu mvua zinaanza Novemba zinaenda mpaka Aprili au Mei, na kifaa kilichokaa stoo ya Tukuyu au Njombe kimekunywa unyevu miaka yote hiyo. Transfoma imeunyonya, karatasi za kuhami zimeunyonya, kapasita za karatasi ndizo zimezidi. Ukiwasha hivyo hivyo, umeme mkubwa unatafuta njia kupitia maji.

Dawa yake ni boksi gumu la karatasi, glopu ya uzi ya wati 60, na tundu la hewa kwa juu. Glopu isiguse karatasi wala kasha. Acha siku mbili ukiwa nyumbani, na joto liwe la kiasi cha kuweka mkono bila kuuondoa haraka. Glopu za uzi zimeadimika kwenye maduka ya umeme tangu zije za LED, lakini wafugaji wanazitafuta kwa ajili ya kupasha vifaranga joto, hasa Juni na Julai baridi inapokaza. Nenda duka la vifaa vya kuku. Nunua ya wati 60 mbili na ya wati 100 moja, maana zina kazi nyingine mbele.

Mambo yanayoua

Osiloskopu ndogo kama HM203 ina karibu volti 2,000 kwenye tyubu. Kubwa zaidi zinapanda sana: Tektronix 465, ya megahezi 100, inafika volti 18,000. Kwa hiyo shika haya kabla hujagusa skrubu ya kwanza.

Kapasita kubwa hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Subiri dakika kumi, halafu pima kwa multimita. Ukikuta zaidi ya volti 30, toa chaji kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyounganishwa na waya zenye ngozi nzito, ishikilie sekunde kumi, upime tena. Habari ya kupiga shoti kwa bisibisi iache. Cheche ile inachoma njia za bodi, na siku moja itakuchoma jicho.

Sehemu ya umeme mkubwa usiipime kwa multimita ya kawaida, kwa sababu mwisho wake ni volti 1,000, na za bei ndogo hata hapo usiziamini. Kutoa chaji yake, unga rezista kumi za megaomu 1 mfululizo, uziingize kwenye mrija mrefu wa plastiki. Upande mmoja bana kwenye chesi (fremu ya chuma ya kifaa) kwanza, upande wa pili ndio uguse. Rezista moja ndogo peke yake haivumilii volti hizo, umeme unaruka juu yake.

Ukilazimika kupima kifaa kikiwa kinawaka, mkono mmoja uwe mfukoni, na pawe na mtu mwingine ndani ya nyumba.

Waya wa ethi ndio nitauzungumzia kwa ukali. Nimeona osiloskopu nyingi ambazo pini ya ethi imekatwa kwa makusudi. Sababu ni hii: kibano cheusi cha probu kimeungwa moja kwa moja na ethi ya plagi. Fundi akikibana kwenye TV au inveta upande ulioungana na umeme wa nyumba, pa! fyuzi inakwenda. Basi anakata ethi, na kweli cheche inakoma, lakini sasa kasha zima la osiloskopu lina volti 230 na yeye ameliegemea. Rudisha ethi. Ukitaka kupima upande wa moto wa inveta, tumia transfoma ya kutenganisha kwa kile kinachopimwa, osiloskopu ibaki na ethi yake. Na kama chumba ulichopanga kina soketi za matundu matatu lakini nyuma waya ni mbili tu, mlete fundi umeme kwanza.

Usafi

Toa nje, siku isiyo na upepo mkali, upulizie vumbi kwa brashi laini ya rangi na kipulizio. Upepo wa gereji ni mkali mno, unang'oa nyaya nyembamba, na mara nyingi una maji ndani. Kasha na nobu zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zikauke kabisa.

Ndani utakuta mambo. Mimi nimekuta kiota cha panya kilichotengenezwa kwa karatasi za mtihani wa shule, na mijusi waliokauka kama mbao. Mkojo wa panya na mijusi unakula shaba. Kila palipo na ukungu wa kijani futa kwa spiriti na mswaki, halafu pima kama njia ya bodi bado inapitisha.

Swichi na voliyumu zinataka dawa ya kusafishia kontakti, ile inayokauka yenyewe. Puliza kidogo, zungusha mara thelathini, acha ikauke usiku mzima. Mafuta ya kulegeza skrubu zilizoshika kutu usiyatumie hapa, yanabaki, yanakamata vumbi, na baada ya miezi mitatu swichi ni mbaya kuliko mwanzo. Swichi ya volti kwa kisanduku (kisanduku ni mraba mmoja wa ile michoro ya skrini) ndiyo ya kuogopa: ina rezista sahihi sana, na unyevu wowote unaobaki unapotosha kipimo. Hapo ni tone tu, si mvua.

Macho na pua

Sasa kaa na tochi nusu saa bila kugusa kitu. Tafuta kapasita za kopo zilizovimba kichwa au zilizovuja chini, rezista zilizobadilika rangi, risasi iliyopasuka kuzunguka mguu wa kipuri kizito.

Halafu nenda sehemu umeme unapoingilia, utafute kapasita yenye plastiki ya kung'aa inayopenyeza mwanga, yenye nyufa nyembamba kama udongo wa mfinyanzi uliokauka. Ni kapasita za karatasi zilizopakwa metali, na za RIFA ndizo maarufu. Nyufa zinaingiza unyevu, na kapasita inaweza kufanya kazi vizuri dakika kadhaa kabla haijalipuka.

Hapo nina kovu langu. Nililetewa jenereta ya mawimbi kutoka Iringa, safi, haijafunguliwa. Nikaichomeka saa mbili usiku, ikafanya kazi vizuri sana, nikaenda kula. Nilipofika kwenye tonge la tatu, nyumba ilijaa moshi mzito wenye harufu ambayo haikutoka kwenye mapazia wiki nzima. Mama watoto mpaka leo akiona kifaa kimeingia anauliza: "Hiki nacho kina moshi?" Kapasita yenyewe ilikuwa ndogo kama kiberiti.

Zibadilishe zote kabla ya kuwasha, hata kama zinaonekana nzima. Ile inayokaa kati ya laivu na nyutro lazima iwe ya daraja la X2. Zile zinazokwenda kwenye ethi lazima ziwe za daraja la Y2. Kapasita ya kawaida yenye thamani ileile haifai, kwa kuwa ikifa inaweza kupiga shoti na kuwasha moto au kupeleka laivu kwenye kasha. Za X2 utazipata kwenye pawasapulai nzima za kompyuta zilizotupwa.

Kama kuna betri ndogo imeungwa kwenye bodi kwa ajili ya kutunza kumbukumbu, itoe hata kama haijavuja. Maji yake ni ya alkali, kwa hiyo yanatulizwa kwa siki au ndimu kwenye pamba, halafu maji safi, halafu spiriti. Watu wanakimbilia magadi kwa mazoea ya betri za gari. Kule ni asidi, huku ni kinyume chake.

Pima ikiwa imelala

Hii ni kazi ya dakika kumi. Plagi haijachomekwa, swichi ya kifaa iko on. Pima omu kati ya laivu na nyutro ya plagi: kwa osiloskopu yenye transfoma ya kawaida utapata makumi ya omu. Ukipata sifuri kuna shoti, usipopata kitu fyuzi au swichi imekufa. Laivu na ethi zisisomane kabisa. Fungua fyuzi uitazame. Ukikuta karatasi ya kung'aa ya sigara imezungushiwa, mtu aliyepita kabla yako alikuwa na tatizo ambalo hakulimaliza. Weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa mgongoni.

Kisha pima dayodi za kubadilisha umeme, na kila reli ya umeme (njia inayogawa volti fulani kwa saketi) dhidi ya chesi. Omu zitapanda polepole kapasita zinapojaa. Reli inayobaki chini ya omu chache ina kipuri kilichoshoti, na kwenye Tektronix za miaka ya 1970 mshukiwa wa kwanza ni kapasita za tantalamu, zile zenye umbo la tone.

Hakikisha pia imewekwa kwa volti zetu. HM203 ina kifuniko cha fyuzi cha mraba kwa nyuma, unakichomoa, unakizungusha, unakirudisha hadi pembetatu ielekee 110, 125, 220 au 240. Pima soketi yako mchana na usiku. Yangu usiku wa manane inapita 240, kwa hiyo nimeweka 240. Kifaa kilichotoka Marekani kikiwa kwenye 110 hakitakupa nafasi ya pili.

Taa ya mfululizo

Ile glopu ya vifaranga inarudi kazini. Kwenye ubao funga hivi: laivu inapita fyuzi, inaingia glopu, ikitoka inakwenda laivu ya soketi ya majaribio. Nyutro na ethi zinakwenda moja kwa moja. Kukiwa na shoti ndani ya kifaa, glopu inawaka kwa nguvu badala ya transfoma kuungua.

Chomeka osiloskopu kwenye soketi hiyo ukiwa na glopu ya wati 60. Ikiwaka ghafla kisha ikafifia, vizuri, kapasita zimejaa na kifaa kinakula kidogo. Ikibaki inawaka vikali, zima, kuna shoti mbele. Ikififia halafu ikaanza kupanda polepole, zima pia, kuna kitu kinachemka.

Iache nusu saa ikiwa kwenye glopu. Kapasita za kopo zilizolala miaka mingi zinahitaji kujengeka upya utando wao wa ndani kwa umeme mdogo kabla ya kupewa wote. Gusa makopo baada ya kuzima na kuhakikisha chaji imetoka: linalopata joto linavuja, litolewe. Baadaye panda glopu ya wati 100, kisha moja kwa moja kwenye soketi. Kama kifaa kina pawasapulai ya swichi kama ya kompyuta, kinaweza kujiwasha na kujizima kwenye glopu, na hiyo si lazima iwe dalili ya ubovu.

Volti za ndani kwanza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mstari ukitetemeka, ukiwa mnene, picha ikijikunja, chaneli moja ikigoma, usikimbilie chaneli. Fungua karatasi yako ya mchoro, upime reli zote moja baada ya nyingine. Saketi zote mle zinakula kutoka chungu kimoja.

HM203 yangu ilipowaka ilinipa mstari wa kijani mnene kama uzi wa sufu, unatembea kama wimbi la Ziwa Nyasa. Nilishawishika kuwa transista za chaneli zimechoka. Nikajizuia, nikapima reli ya volti hasi 12: ilisoma 9.8. Nikageuza multimita upande wa AC, nikapata zaidi ya volti 1 pale ambapo panapaswa kuwa na milivolti chache. Umeme wetu ni hezi 50, na ukishapita kwenye dayodi nne mawimbi yanakuwa hezi 100. Kapasita kubwa ndiyo inayoyasawazisha. Nikaitoa. Iliandikwa maikrofaradi 2,200, na kile kipimo kidogo cha vipuri cha Kichina kikasoma 310. Nikaweka mpya, nikawasha, mstari ukanyooka kama umechorwa kwa rula. Transista nilizotaka kung'oa bado zimo.

Angalizo kuhusu kupima AC: multimita nyingi za bei ndogo zinadanganyika zikikuta volti za DC chini yake, zinaonyesha namba kubwa isiyo na maana. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 yenye volti za kutosha mfululizo na probu nyekundu, DC itazuiwa.

Unapobadilisha kapasita za kopo, maikrofaradi ziwe zilezile au zizidi kidogo, volti ziwe sawa au zaidi, na nyuzi joto 105. Piga picha kabla ya kutoa, maana upande hasi ukigeuzwa kopo linapasuka usoni. Jihadhari na bandia: kopo kubwa lililo jepesi ajabu, ukilichana unakuta kopo dogo ndani. Mimi naagiza Kariakoo zinakuja na basi, na kila moja inapita kwenye kipimo kabla haijagusa risasi. Usibadilishe zote kwa mkupuo pia. Badilisha moja, washa, pima reli. Ukibadilisha ishirini halafu kifaa kikagoma, hujui umeharibu wapi.

Reli ni nzima, mstari haupo

Kwanza shuku vidole. Kitufe cha X-Y kikiwa kimebonyezwa, mstari unakuwa nukta, au unapotea kabisa. HM203-6 ina pia kitufe cha kupimia vipuri, na kikiwa ndani utaona mstari lakini chaneli hazijibu chochote, na utalia bure. Vitoe vyote. Weka trigger (inayoanzisha mstari) kwenye otomatiki, nobu za mahali katikati, mlango wa chaneli kwenye GD ili wimbi lisiingie, mwanga katikati. Subiri dakika moja.

Kama bado, zima taa za chumba utazame shingo ya tyubu. Wekundu mdogo ukionekana, filamenti iko hai, na shaka inahamia kwenye umeme mkubwa. Kifaa kikiwa kimezimwa na chaji imetolewa, pima zile rezista za megaomu zilizopangwa mfululizo kuelekea nobu za fokasi na mwanga. Zinazeeka kwa kupanda thamani: iliyoandikwa megaomu 2.2 unaikuta 5, au imekatika kabisa. Tumia zilizotengenezwa kwa volti kubwa, au unga kadhaa mfululizo.

Ukipata nukta ya mwanga, punguza mwanga mara moja. Sekunde chache za nukta kali zinatosha kuacha ile alama ya kahawia.

Zile voliyumu ndogo za bisibisi

Usiziguse. Nilipokuwa kijana nilizigusa saba kwenye osiloskopu ya watu, nikidhani ni kama kutafuta stesheni kwenye redio. Kosa la awali lilikuwa swichi chafu. Nikatumia wiki tatu kurudisha nilichoharibu kwa dakika tano, na mwenyewe anapita kila jioni, "Fundi, vipi?" Siku hizi kabla ya kugeuza yoyote naweka alama ya peni mahali ilipo, na sigeuzi mpaka reli ziwe sawa na kifaa kimewaka nusu saa.

Je, inasema kweli?

Osiloskopu inayowaka vizuri lakini inapima uongo ni hatari kuliko mbovu. Hakiki kwa vitu vya bei ndogo.

Anza na mstari wenyewe. Ukiwa umeinama, tumia tundu la TR mbele kwa bisibisi ndogo. Sumaku ya dunia inavuta mwale, kwa hiyo kifaa kilichonyooshwa Ujerumani kinaweza kupinda Mbeya, na hata kukigeuza meza kunaweza kukipinda kidogo.

Probu: iunge kwenye kalibreta ya mbele, ile ya mawimbi ya mraba ya takriban kilohezi 1. Zungusha skrubu ndogo ya probu mpaka vichwa vya mraba viwe bapa. Vikiwa na pembe zilizochongoka au zilizolala, kila wimbi la kasi utakalopima litakuwa limepotoka.

Volti: chukua TL431, ile ya miguu mitatu iliyomo kwenye karibu kila chaja. Unga mguu wa rejea na wa kathodi pamoja, lisha kwa betri ya volti 9 kupitia rezista ya kiloomu 1. Itatoa volti 2.495, ikitofautiana kidogo kwa asilimia. Kwenye volti 0.5 kwa kisanduku, mstari upande visanduku 5. Osiloskopu za aina hii zilitoka kiwandani na kosa linaloruhusiwa la asilimia 3 hivi, yaani kwenye urefu wa visanduku 8 ni robo ya kisanduku. Ukiwa ndani ya hapo, funga kasha, uache kuhangaika.

Muda: simu yako inatosha. Pakua programu ya kutoa sauti za majaribio, weka kilohezi 1, chukua waya wa spika za masikioni. Simu inaendeshwa na kristali, hivyo ni sahihi kuliko osiloskopu yenyewe. Kwenye milisekunde 1 kwa kisanduku, mawimbi kumi yaenee visanduku kumi, wimbi moja kwa kila kisanduku. Kwa kasi zaidi tumia moduli ya saa ya DS3231, ambayo mguu wake mmoja unatoa kilohezi 32.768: kwenye maikrosekunde 5 kwa kisanduku, wimbi moja lichukue visanduku 6.1.

Pima kila hatua ya swichi, uandike kwenye karatasi. Kama hatua zote zimekosea kwa kiasi kilekile, hapo ndipo voliyumu ndogo inapohusika. Kama hatua moja tu imekosea, ni rezista au kontakti ya hatua hiyo, na kugeuza voliyumu kutaharibu zilizo sawa.

Mita za mshale

Multimita za mshale kama AVO Model 8 ya Kiingereza bado zinajitokeza kwenye karakana za zamani, na usizidharau. Mara nyingi tatizo ni betri zilizovuja tu. Safisha vibano kwa siki, weka betri mpya. Ile ya volti 15 inayotumika kwenye AVO 8 kwa omu kubwa ni adimu, lakini vipimo vya volti na ampea havihitaji betri kabisa.

Mshale usiposhuka sifuri, rekebisha kwa skrubu ya usoni. Ukikwama njiani, kuna chembe ya chuma kwenye sumaku. Toa kwa ncha ya utepe wa gundi, mchana, bila chai mezani. Unapoisafirisha kwa basi, unga miguu yote miwili kwa waya mfupi kwenye kipimo cha ampea. Mshale ukiyumba unazalisha umeme wake mwenyewe unaouzuia, kwa hiyo hautapigapiga njia nzima ya mlima Kitonga.

Hili pia litakuokoa siku moja: AVO 8 ina omu 20,000 kwa kila volti, yaani kwenye kipimo cha volti 10 ni kiloomu 200. Vitabu vingi vya zamani viliandika volti za saketi zikiwa zimepimwa kwa mita ya namna hiyo. Multimita ya kidijitali ina megaomu 10, haivuti kitu, kwa hiyo kwenye sehemu zenye rezista kubwa itasoma juu kuliko kitabu. Saketi ni nzima. Kabla ya kuitangaza mbovu, soma ukurasa wa mwanzo wa kitabu uone walipima na nini.

Baada ya kufunga

Iache iwake saa nne ukiwa karibu, urudie kupima reli kabla ya skrubu za mwisho. Andika kwa peni isiyofutika ndani ya kifuniko: tarehe, vipuri ulivyobadilisha, volti ulizozikuta.

Iwashe angalau saa moja kila mwezi, na wakati wa radi ichomoe ukutani. Ifunike kwa kitambaa cha kanga. Nailoni inafungia unyevu ndani. Na matundu ya hewa ya nyuma yazibe kwa wavu wa mbu uliobandikwa pembeni tu, hewa ipite na mijusi watafute kwingine pa kulala.